Bwawa la Nyerere lipo, mbona Rufiji bado mafuriko?

Mndengereko_Mjini:
Wakuu habari za jioni, naomba nieleweshwe taratibu bila matusi. Kwetu ni upande wa Mohoro huko Rufiji, na tangu bwawa la umeme la Nyerere linajengwa kwenye mto wetu tulikuwa tunasikia kwamba ukiacha umeme litapunguza na mafuriko. Masika ya 2024 maji yakaja kama kawaida yake, mpunga ukaenda, watu wakahamia kambini, na huku tunasikia bwawa limejaa wamefungua milango. Hapo ndo nachanganyikiwa, ukuta una mita 131, linashindwaje kumeza mvua za miezi mitatu? Na bwawa la Kidunda wanalojenga kwa ajili ya ukame wa Dar, walio chini ya mto Ruvu nao wajiandae? Sina siasa hapa, nataka kuelewa tu.

Kiroboto_wa_Ubungo:
😂😂 mkuu Oktoba 2022 huku Dar tulikuwa tunapigana vikumbo na madumu kwenye foleni, Ruvu imekauka, mgao mpaka ukome, leo wewe unalalamika maji mengi. Leteni huku tugawane

FundiMaji:
Swali zuri sana hili. Shida ni kwamba bwawa la umeme au la ukame na bwawa la mafuriko hayataki kitu kimoja. Wa umeme anataka masika yaishe bwawa limejaa pomoni ili kiangazi kimkute na akiba. Wa mafuriko anataka masika yaanze likiwa na nafasi tupu ya kupokea. Ukuta ni uleule, maji ni yaleyale, sasa wewe ndo unayeshika milango, utamsikiliza nani?

Sasa njoo kwenye 2024. Kujaza kulianza tarehe 22 Desemba 2022, halafu vuli ya 2023 ikawa ya El Niño, mvua hazikukatika vizuri mpaka masika mengine yakaingia. Maana yake maji makubwa yalipokuja nafasi ilishapungua, ingawa bwawa lenyewe linabeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Na usisahau yanatoka wapi, zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanaletwa na mto Kilombero, huko hakuna bwawa kubwa la kuyashika njiani, Ruaha Mkuu wenye mabwawa ya Mtera na Kidatu unachangia kama asilimia 15 tu. Kwahiyo Mtera hata ikishika tone la mwisho Rufiji haitasikia sana.

Halafu kufungua milango siyo kutengeneza maji. Bila ukuta yale maji yangepita Mloka, kijiji cha chini ya bwawa, yakaja kwenu yote kwa mkupuo. Bwawa hata likiwa karibu kujaa linakata kilele, linatoa kidogo kuliko linavyopokea, ila linatoa kwa muda mrefu, na hilo mtu wa bondeni ndo linamuudhi maana maji yanakaa wiki na wiki shambani.

Kidunda ni kitu kingine kabisa, lita bilioni 190, yaani mita za ujazo milioni 190, haifiki hata asilimia moja ya la Nyerere. Kazi yake ni kiangazi, inaachia maji kidogokidogo yatiririke kwenye mto wenyewe mpaka kwenye mitambo ya maji ya Dar, Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mafuriko itapunguza kiasi, lakini Ruvu ikichachamaa kwelikweli msiitegemee.

Babu_wa_Dungu:
Vijana mnaongea kama mafuriko yameletwa na bwawa. 1968 palifurika mpaka serikali ikatuhamisha bondeni kutupeleka juu, 1998 tena, 2020 tena Mohoro na Chumbi mnazijua wenyewe, hapo bwawa halijaanza hata kujazwa. Sisi mafuriko tuliishi nayo, mtu ana dungu lake shambani, nyumba ya miti juu ya nguzo, analala huko anafukuza ngedere na nguruwe, maji yakipita chini poa tu anashuka na mtumbwi. Yakishuka unapanda mlau, mahindi kwenye tope bichi bila tone la mvua na yanabeba. Mimi hofu yangu ni siku bwawa litakapokuwa linatoa maji sawasawa mwaka mzima. Tope litabaki huko juu, mlau utapandwa wapi? Na yale maziwa yetu ya pembeni yasipofikiwa na mto, samaki watoke wapi?

Mtu_wa_Tana:
Niaje watu wa TZ. Hata sisi huku Kenya story ni hiyohiyo. Dam ya Masinga kwa mto Tana iko tangu 1981 na chini yake kuna zingine nne, lakini 2024 zilijaa zote na Garissa na Tana River zikawa bahari. Na ukame ukikuja Masinga inashuka mpaka unaona matope. Na hayo matope ndio shida ingine, udongo wa mashamba ya huko milimani unaingia dam kila msimu unakula nafasi ya maji, hakuna mtu anaongea juu yake mpaka iwe late.

Mndengereko_Mjini:
Asante sana FundiMaji, na shikamoo Babu. Kwahiyo si wangeshusha kina mapema, tuseme Januari, wapate nafasi ya masika?

Babu_wa_Dungu:
Marahaba. Januari bondeni kuna mpunga mchanga mwanangu! Ukiachia maji hapo umeua msimu. Kama ni kushusha washushe Novemba mashamba yakiwa wazi.

FundiMaji:
Novemba nayo mtu wa umeme atakwambia hajui kama masika yatakuja. Njia ni kushusha kwa hatua wakifuata utabiri wa TMA, watu wa hali ya hewa, na ratiba ya kuachia maji ifike kwenye mbao za matangazo za vijiji kabla watu hawajamwaga mbegu. Mndengereko, muulize mtendaji wa kijiji chenu kama ratiba hiyo huwa inamfikia, na inamfikia siku ngapi kabla.