Naombeni ushauri: mdahalo wa Iraki, nimepangwa upande mgumu

Kijana wa Ngamiani: Habari wakuu. Ijumaa tuna mdahalo chuoni: "Kuondoka kwa majeshi ya Marekani Iraki ndiko kulikoizaa Daesh (ISIS)." Nimepangwa kuunga mkono. Nilichonacho ni hiki: askari wa mwisho walivuka kuingia Kuwait tarehe 18 Desemba 2011, na Juni 2014 mji wa Mosul ukaangukia mikononi mwa Daesh. Obama aliharakisha kuondoka. Inatosha kweli?

Mchokonozi: Watakumaliza na swali moja tu: nani alisaini? Makubaliano ya Marekani na Iraki kuhusu kuondoka ni ya Novemba 2008, Bush akiwa bado Ikulu. Humo iliandikwa majeshi yatoke mijini kufikia 30 Juni 2009, na nchini kote mwisho wa 2011. Obama kaikuta kalenda ukutani.

Mama Tuma: Msimvunje moyo mtoto. 2011 kulikuwa na mazungumzo ya kubakiza askari wachache, yakakwama kwenye kinga ya kutoshtakiwa mahakama za Iraki. Wabunge wa Baghdad hawakutaka kusikia, na baada ya Wamarekani kutesa wafungwa gereza la Abu Ghraib nani awalaumu? Hapo mwanangu waweza kudai Washington ilikata tamaa mapema.

Mzee wa Kumbukumbu: Mnaanzia katikati. Mei 2003 Paul Bremer, Mmarekani aliyewekwa kuitawala Iraki baada ya Saddam kuangushwa, alitoa amri mbili zilizopishana wiki moja: vigogo wa Baath, chama cha Saddam, watolewe serikalini, na jeshi livunjwe. Malaki ya wanaume wakabaki hawana mshahara na bunduki wanazijua. Uasi ukapata makamanda wa bure. Februari 2006 msikiti wa al-Askari wa Samarra, unaoheshimiwa mno na Washia, ukalipuliwa. Baghdad ikagawanyika mtaa kwa mtaa, Shia huku, Suni kule, maiti zinaokotwa asubuhi. Wamarekani walikuwepo, zaidi ya laki moja. Walizuia nini?

Kijana wa Ngamiani: Mzee shikamoo, lakini si umenibomolea upande wangu wote!

Mzee wa Kumbukumbu: Marahaba, tulia. Moto ulipungua pale makabila ya Kisuni ya mkoa wa Anbar yalipowageuka al-Qaeda; hao ndio walioitwa Sahwa, yaani Mwamko. Wamarekani waliwalipa, na wakaahidiwa ajira serikalini. Ahadi ikatekelezwa nusunusu. Kesho yake tu baada ya msafara wa mwisho kutoka, Baghdad ikatangaza hati ya kumkamata Makamu wa Rais Tariq al-Hashimi, Msuni. Simama hapo: Mmarekani aliyekuwa akimbana Maliki, waziri mkuu Mshia wa wakati huo, kaondoka, Wasuni wakakosa mdhamini. Ila usithubutu kusema Daesh ilianza 2011. Mizizi yake ni kundi la Zarqawi, kiongozi wa al-Qaeda wa Iraki, aliyeuawa 2006.

Kijana wa Ngamiani: Nimekupata. Na wakinirukia na Afghanistan?

Mchokonozi: Usiwafuate huko. Dakika zako chache, rudi Anbar.