Mliowahi kwenda tamasha la kulala kwenye hema, tupeane uzoefu kabla vijana wangu hawajaondoka

Dada wa Kizingo

Assalam aleikum na habari za jioni nyote. Mdogo wangu wa miaka 19 na binamu zake wawili washakata tiketi za tamasha la mwisho wa mwaka huko Kilifi, usiku tatu, na kulala ni humo humo kwenye mahema. Mimi tamasha nililokwenda ni Sauti za Busara Unguja, na pale muziki ukiisha Ngome Kongwe unajiendea zako kwa miguu mpaka gesti, unaoga, unalala na feni. Hii ya kulala nje siijui, na mamangu kaniachia mimi kasema wewe ndo umetembea, wapange. Siwazuii, wamefanya kazi na pesa ni yao, ila nataka waende na warudi wazima. Nambieni, lakini naomba yaliyokukuta wewe mwenyewe, sio ya kusikia.

Kijana wa Likoni

Dada, waambie wafike mapema. Sisi mara ya kwanza tulifika magharibi, giza laingia, tukaona uwanja mweupe hauna mtu tukasema hapa pazuri, tukapiga hema tukaenda zetu kwa muziki. Tumerudi kulala saa kumi alfajiri, saa moja asubuhi jua lishalipiga lile hema ndani hakukaliki, jasho latutiririka mpaka mkeka umeroa, tukatoka nje kutafuta kivuli na kila kivuli kina watu wake. Siku zote zile sikulala zaidi ya saa mbili mbili. Mwaka wa pili nikafika saa nne asubuhi, nikaweka hema upande wa magharibi wa mti mkubwa, manake jua likitoka kivuli chaanguka upande ule, nikalala mpaka saa tano. Ila msikae chini ya matawi kabisa. Desemba ni msimu wa maembe na jirani zetu walikaa chini ya mwembe, usiku kucha embe zawaangukia pu! pu! na kulipokucha sisimizi wamejaa mpaka kwenye viatu. Na kama mti ni mbuyu, buyu ni gumu kuliko embe.

Kitu cha pili, vigingi. Huku kwetu ukichimba kidogo tu wakuta mawe ya matumbawe, vile vigingi vyepesi vinavyokuja na hema vilipinda vyote tukafunga kamba kwenye mawe. Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea akanikatia nondo nyembamba, kila moja shubiri moja na nusu, ncha kali, na ndo hizo mpaka leo. Hema wakalipige nyumbani kwanza, wallahi nakwambia.

Mama wa Mji wa Kale

Mwanangu, mimi ngoma hizo siziendi lakini wanangu huenda na mimi ndo hufunga chakula. Mara ya kwanza niliwapikia mbaazi, tui zito la kwanza nikalimimina mwisho kama ilivyo, nikatia kwenye hotpoti nikafunga na leso, na mahamri thalathini. Usiku walikula wakashiba wakanishukuru kwa simu. Asubuhi kufunua kifuniko, povu juu na harufu kali ya kuchacha, tui halilali na joto la kaskazi. Mmoja wao alikuwa na njaa akala vijiko viwili vitatu akisema zafaa bado, akaharisha mchana kutwa na muziki wote ukampita, na mimi huku mjini sina la kufanya isipokuwa kupiga simu. Tangu siku hiyo chochote chenye nazi ni cha usiku wa kwanza tu, kikibaki kimwagwe. Siku zinazofuata nawapa tende, njugu, kashata, mkate mkavu, viazi wachemshe wenyewe kama moto waruhusiwa, na ndimu nyingi. Na vitu funga kwenye vikapu na vitambaa, mifuko ya plastiki Kenya ishapigwa marufuku tangu 2017.

Nesi wa Mtwapa

Shikamoo mama hapo juu. Mimi nimekaa hema la huduma ya kwanza kwenye tamasha kama hizo na wengi walioletwa, watu walidhani wamelewa kumbe ni kuishiwa maji mwilini. Nakumbuka msichana mmoja rafiki zake wamembeba, midomo imepasuka, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama haraka hairudi. Alikuwa amecheza toka saa nane mchana na chupa moja tu ya soda. Akanywa taratibu taratibu kama saa nzima ndo akaanza kusema jina lake vizuri.

Kama hamna pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko visawazishwe, visiwe na kilima. Chumvi isizidi hapo, ikizidi yadhuru. Na neti wabebe. Pwani malaria iko, na mbu wake huuma usiku, wakati ule ule wao wako nje. Akirudi nyumbani halafu wiki ya pili ashikwe na homa, asimeze panadol akangoja, akapimwe siku hiyo hiyo.

Fundi wa spika

Nimefunga spika miaka mingi na sikio langu la kushoto sasa lapiga filimbi usiku na mchana, hata nikiwa nimelala. Halitibiki. Muziki wa desibeli 100, ndo kipimo cha ukubwa wa sauti, masikio matupu yanavumilia kama dakika 15 hivi, na hawa watakaa siku tatu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo kwamba kumbi zisipite wastani wa desibeli 100, lakini ukisimama mbele ya spika za besi hakuna mwongozo utakaokusaidia. Wanunue vizibo vya masikio, viko dukani na bei yake si kubwa, na kila baada ya muda waondoke wakapumzishe masikio mbali. Pamba haifai, naona vijana wengi wanatia pamba.

Binti wa Bamburi

Dada mimi nilipotea. Mahema yote pale ya kijani au ya buluu, usiku tochi ya simu imekufa, nikazunguka karibu saa nzima nikifungua zipu za watu na kuomba radhi, nililia kabisa. Sasa huwa nakwenda na leso ya rangi ya machungwa na nyeusi niliyonunua Biashara Street, jina lake MGENI NJOO MWENYEJI APONE, naifunga juu ya mti mrefu kando ya hema na kuielekezea kitaa kidogo cha jua. Mpaka majirani wakawa wanaelekezana kwa leso yangu. Pia wapange mahala pa kukutana na saa, manake watu wakijaa simu hazishiki, na pesa ya simu vilevile yaweza kugoma, wawe na noti ndogo ndogo mfukoni.

Kijana wa Likoni

Hilo la noti kweli kabisa. Nililala njaa na pesa iko kwa simu.

Mama wa Mji wa Kale

Na msala wa kuswalia na birika wasisahau, mwanangu. Maji ya kutawadha yawe mbali na ya kunywa, mtungi mwengine.

Dada wa Kizingo

Mama shikamoo, nesi, fundi, nyote Mungu awabariki. Leo jioni tumelipiga hema uani, na kumbe fito moja haimo kabisa, imebaki kwa aliyetuuzia. Lau si nyinyi wangeligundua Kilifi gizani. Kesho asubuhi narudi Kongowea kuitafuta, na mdogo wangu kashapeleka kipimo cha nondo kwa fundi. Mbaazi mamangu alikuwa ashaloweka, nimemsomea maneno yenu na tumekubaliana ni za usiku wa kwanza peke yake. Mitungi miwili iko mlangoni, mmoja tumeufunga utepe mwekundu ndo wa kutawadha. Kilichobaki ni leso, binti wa Bamburi, duka lenyewe ni upande gani wa Biashara Street?