Ketamini kwa sonona na maumivu sugu ya neva: je, tiba moja hutosha kwa yote mawili?

Mtulivu (mwuliza swali)

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitibiwa sonona, na dawa mbili tofauti nilizomeza kwa dozi kamili hazikunipa nafuu ya maana. Pamoja na hayo, nina maumivu ya neva mguuni yaliyobaki baada ya jeraha kupona: mguu huwaka kama umepakwa pilipili, na hata shuka likiugusa ni mateso. Daktari wangu wa akili amenitajia ketamini, ambayo mimi niliijua kuwa dawa ya usingizi ya chumba cha upasuaji tu. Je, dripu moja inaweza kutibu yote mawili, na niulize nini kabla ya kukubali?

Daktari wa Usingizi

Pole sana, ndugu Mtulivu. Ketamini kweli ni dawa yetu ya chumba cha upasuaji. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1970, na inapendwa hasa kwa sababu kwa kawaida mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe. Matumizi yake katika sonona yalianza kuchunguzwa kwa uzito baada ya jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2000, na mpaka leo dozi inayotumika zaidi ni miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito, ikipitishwa polepole kwenye mshipa kwa dakika 40, ambayo ni ndogo kuliko ile ya kumtia mgonjwa usingizi wa upasuaji.

Kwa maumivu, mambo ni mengine. Dawa hufunga vipokezi vya neva viitwavyo NMDA, ambavyo maumivu ya muda mrefu huvichochea hadi uti wa mgongo ukawa unakuza kila ishara inayoupitia, na ndiyo maana mguso wa shuka unakuumiza. Ili kutuliza hali hiyo, dripu huendeshwa kwa saa kadhaa, pengine kwa siku nyingi mfululizo. Mwongozo wa pamoja uliotolewa mwaka 2018 na vyama vya kitaalamu vya Marekani, vya madaktari wa usingizi na wa maumivu, ulikuta ushahidi wa wastani kwamba dripu hupunguza maumivu changamano ya kiungo kilichojeruhiwa kwa hadi wiki 12. Kwa aina nyingine nyingi za maumivu sugu ushahidi ulikuwa dhaifu. Kwa hiyo dripu ya dakika 40 iliyopangwa kwa ajili ya sonona usiitarajie iumalize moto wa mguu, ingawa wapo wanaopata ahueni ya muda. Swali la kwanza kwa daktari wako liwe hili: tunatibu kipi kwanza, na tutapimaje kama tumefaulu?

Muuguzi wa Akili

Niongezee upande wa sonona. Ipo pia esketamini, ambayo ni moja ya aina mbili za molekuli zinazounda ketamini, inayopulizwa puani. Marekani iliiidhinisha mwaka 2019 kwa sonona iliyoshindikana kwa dawa nyingine. Hutolewa mara mbili kwa wiki katika mwezi wa kwanza, kisha hupunguzwa. Mgonjwa hubaki chini ya uangalizi kwa saa 2 angalau, kwa kuwa shinikizo la damu hupanda na wengi huhisi kama wamejitenga na miili yao, na haruhusiwi kuendesha gari hadi kesho yake baada ya kulala vizuri. Mwenye shinikizo lisilodhibitiwa, aliyewahi kuvuja damu ubongoni au mwenye historia ya saikosisi (kuona au kusikia yasiyokuwepo, au kuamini yasiyo ya kweli) aseme mapema. Taja pia dawa zote unazotumia, hasa za usingizi na za maumivu zenye asili ya afyuni, kwa sababu zikichanganyika na ketamini usingizi huweza kuwa mzito kupita kiasi.

Mwenye Uzoefu

Mimi nilipata dripu za sonona. Saa ile ya kwanza si ya kupendeza kwa kila mtu: sauti zilikuwa mbali na muda ulipotea. Nafuu ilikuja ndani ya siku moja, jambo ambalo vidonge havikuwahi kunifanyia, lakini ilififia baada ya siku chache, na hakuna aliyekuwa amenieleza mpango wa kuidumisha. Uliza kuhusu wiki ya pili kabla ya kuuliza kuhusu siku ya kwanza.

Mtulivu

Nashukuruni nyote. Kuna kituo kinachotangaza vidonge vya ketamini vya kuyeyusha mdomoni, mtu akatumia nyumbani peke yake. Je, si nafuu kuliko safari za kliniki?

Daktari wa Usingizi

Hapo mimi ningesita. Oktoba 2023, mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu ketamini inayochanganywa na maduka ya dawa kwa matumizi ya nyumbani, kwa kuwa hakuna wa kupima shinikizo wala kumwangalia mgonjwa akizidiwa na usingizi. Matumizi ya mara kwa mara yanaweza pia kuleta uraibu na kuharibu kibofu; mtu akianza kukojoa mara nyingi kwa maumivu, au akiona damu kwenye mkojo, dawa isitishwe na achunguzwe. Ukiamua kuendelea na tiba ya kliniki, omba shinikizo lako lipimwe na vimeng'enya vya ini vichunguzwe kabla ya dozi ya kwanza.

Muuguzi wa Akili

Na dawa ya kumeza ya sonona usiiache kwa sababu tu umeanza ketamini. Hilo liamuliwe na daktari wako. Kama mawazo ya kujidhuru yatazidi wakati unasubiri, nenda idara ya dharura siku hiyohiyo.

Mtulivu

Nimeelewa. Nitaomba daktari wa akili na wa maumivu wakutane kwanza juu ya faili langu, kisha tuanze na sonona.