Nimepiga mluzi usiku, nadaiwa mbuzi mweusi. Ushauri wakuu

Mgeni Jamvini: Wakuu, niko Pemba, pande za Micheweni, nimekuja kuchuma karafuu. Juzi saa tano usiku nilipiga mluzi, mara mbili tu. Alfajiri mwenye nyumba kanijia: nimeamsha mashetani, nyoka kaonekana kisimani, nitoe mbuzi mweusi achinjwe. Hela sina, karafuu zangu bado ziko juani. Nitoe au nigome?

Mama Zuu: Hata kwetu Muheza ni mwiko, na nyoka usiku hatajwi, anaitwa kamba. Kutwanga je? Dada alitwanga kisamvu baada ya magharibi, bibi akamwaga kinu kizima uani. Tulikula ugali na chumvi, nayo ikapungua, na usiku chumvi haiombwi kwa jirani.

Kobe Mzee: Mbona wapiga daku wanagonga madebe saa tisa usiku na shetani hata hakohoi?

Wa Wete: Daku ni Ramadhani bwana. Hukuwepo wewe 1995, shetani Popobawa alipotutesa Pemba na Unguja. Tulilala nje, moto katikati, wanaume wazima wamebanana kama dagaa. Ungepiga mluzi usiku ule ungepigwa kwanza, jina ungeulizwa baadaye.

Kikoi: Mie nahisi wazee walikuwa wanaogopa wezi, mluzi ndiyo ishara yao. Kijana, ulikuwa unamwita nani?

Mgeni Jamvini: Mbwa wangu.

Kijiko: Mchuma karafuu, chumba cha kupanga, Micheweni, na mbwa! Chai hii. Leteni maandazi.

Mgeni Jamvini: Si chai! Haya, hakuna mbwa. Ni binti wa mwenye nyumba. Akisikia mluzi anapandisha utambi wa kandili mara moja, najua yuko macho. Basi. Tunaongea dirishani tu, na nia yangu njema, mjomba nimeshamwambia alete posa Ijumaa.

Mama Zuu: Alaa! Basi nyoka wa kisimani baba mtu anamjua kwa jina.

Kobe Mzee: Mbuzi huyo ungemhesabu kwenye mahari.

Kijiko: Ngojeni. Uzi huu si uliletwa mwaka jana? Jamaa alikuwa Mafia anaangua nazi, mbuzi wake mwekundu. Kandili ileile.

Mgeni Jamvini: Mafia sijawahi kufika. Wa Wete, hebu niambie, beberu mdogo huko kwenu sasa hivi anakwenda bei gani?