Ratiba ya kompyuta, ramani na BOQ haviongei, nyie mnaviunganishaje?

mtu_wa_slabu:
Wakuu habari. Niko saiti moja hapa Dar, jengo la ghorofa nne, ratiba naandaa mimi kwenye MS Project. Programu yenyewe naijua, tatizo ni msanifu anatuma ramani kwa imeili, injinia wa miundo za kwake anatupia kwenye grupu la WhatsApp, QS (mkadiriaji majenzi) ana BOQ yake (orodha ya kazi, vipimo na bei) ya Excel, stoo wana daftari. Wiki iliyopita tumefunga nondo za bimu za ghorofa ya pili kwa ramani ya zamani, mpya ilikuwepo kwenye grupu ila imefunikwa na pole za msiba na picha za harusi. Tumefumua siku mbili nzima na kwenye ratiba yangu kila kitu kinaonekana kinaenda vizuri tu!! Nasikia BIM BIM, ile modeli ya jengo kwenye kompyuta yenye taarifa za kila kipande (mwanzo nilidhani wanaongelea bimu za zege hahaa). Kuna namna ratiba ikajua yenyewe ramani imebadilika au ni stori za kwenye vidio?

QS_wa_kitaa:
Pole mkuu. BOQ inapangwa kwa aina ya kazi, zege ya bimu za jengo zima inaweza kuwa laini moja, wakati ratiba yako inapanda ghorofa kwa ghorofa, hapo vitakutana wapi? Kaa na QS wako mgawane ile laini, kama ni kyubiki mita 60 akwambie ghorofa ya pili ni ngapi, halafu kila fungu lipewe namba moja, mfano G2-BM-03, na namba hiyohiyo iandikwe kwenye ramani, BOQ, ratiba na fomu ya kuombea vifaa stoo. MS Project ina zile safu za Text1, Text2, weka namba humo, ukiingiza Excel chagua kuunganisha kwa hiyo safu. Kabla ya hapo usinunue programu yoyote.

nondo16:
Naongezea. Ukipata modeli ya BIM omba IFC, ni faili la wazi (ISO 16739), kila kolamu na bimu inabeba kitambulisho chake na programu za kampuni tofauti zinalisoma. Ukiwa na Navisworks, au Bonsai ya bure inayokaa ndani ya Blender (programu ya kuchora 3D), unafunga kila kazi ya ratiba na vipande vyake, ukisogeza tarehe unaona jengo linapanda, ndo hiyo 4D, yaani modeli ya 3D ikiongezwa muda. Ila angalia, mtu akifuta bimu akaichora upya kitambulisho kinabadilika na kamba ya ratiba inakatika kimyakimya, kwa hiyo namba ya QS iingizeni ndani ya modeli pia. Kuhusu ramani, ISO 19650 ya 2018 ina hali nne: bado inachorwa, imeshirikishwa, imechapishwa, kumbukumbu. Folda nne za Drive zinatosha, na fundi hagusi nondo kwa ramani ambayo haijafika hali ya tatu, imechapishwa.

Mzee wa Fomu:
Vijana mnaongea faili, mimi nimekaa saiti miaka mingi. Mkandarasi ana ratiba mbili, ya kumpa mshauri (msanifu na mainjinia wanaosimamia kazi) na ya kweli iko kichwani kwa fomeni. Hataweka hadharani kwamba zege imechelewa sababu simenti hakulipa, hiyo ni hoja ya kukatwa hela. Anzeni na kikao cha Jumatatu, kila mtu aseme kinachomzuia wiki hii, ndo kompyuta ifuate.

mtu_wa_slabu:
Daah shikamoo mzee, hiyo ya ratiba mbili umenigusa 😂 Modeli hatuna, basi naanza na namba kwa ghorofa ya tatu na zile folda. Funguo ya folda ya iliyochapishwa akae nayo nani?

QS_wa_kitaa:
Sio wewe. Mtu mmoja wa upande wa mshauri, na kila akiweka ramani mpya ile ya zamani iliyobandikwa saiti ichanwe siku hiyohiyo, mafundi wanapenda kuitunza ya kufunikia simenti.

Mzee wa Fomu:
Marahaba. Na ya kukalia wakati wa chai.