Wahadhiri, wanafunzi wa shahada ya kwanza si vibarua wa kujaza madodoso

Wakuu, habari za muda huu. Jambo hili limenikaa kifuani tangu muhula uliopita na leo nalitoa. Nasoma shahada ya kwanza kwenye chuo kimoja hapa Dodoma. Chuo sikitaji, kitivo sikitaji, maana wanaohusika ndio wanaosahihisha mitihani yangu. Msinibane kwenye hilo.

Kinachoniuma ni hiki. Mhadhiri anaandika andiko la kuomba fedha, anamwahidi mfadhili kwamba vijana watajengewa uwezo wa kufanya utafiti. Fedha zinatoka. Tunaitwa, tunapangwa kwenye magari, tunamwagwa vijijini kujaza madodoso. Siku tunayorudisha vishikwambi ndiyo siku ya mwisho kusikia habari za mradi. Uchambuzi hatuuoni, ripoti hatuioni, makala ikichapishwa hatumo, hata kwenye shukrani. Halafu kwenye taarifa kwa mfadhili tunahesabiwa kwamba tumefundishwa.

Mradi wetu ulihusu karanga na sumukuvu. Kwa wasioijua, ni sumu inayotokana na kuvu wanaoota kwenye karanga na mahindi, hasa yasipokauka vizuri au yakitunzwa penye unyevu, na inaharibu ini. Mwaka 2016 iliua watu huku kanda ya kati, Chemba na Kondoa zikiwemo. Kwa hiyo niliposikia dokta, mhadhiri mwenye mradi, anatafuta wanafunzi, nilijiandikisha kwa moyo mmoja. Niliona hapa ndipo nitajifunza kazi yenyewe, si ile ya darasani ambapo tuko mamia na mhadhiri hakujui hata sura.

Tulipangwa wilaya ya Kongwa. Kongwa hii hii ambayo Waingereza mwaka 1947 walikuja na matrekta kulima karanga bila kuijua ardhi wala mvua zake, na mwaka 1951 wakaachana na mradi. Ukifanya utafiti wa karanga Kongwa usipowasikiliza wenyeji, una mfano wa kukutisha hapo hapo.

Sasa sikilizeni. Dodoso letu lilikuwa na maswali ya kuvuna, ya kuanika, ya magunia na stoo. Nyumba moja tulimkuta mama mtu mzima, Kiswahili chake kidogo, mwenzangu ambaye ni Mgogo akamwamkia "Mbukwa" na mazungumzo yakafunguka. Tukiwa katikati ya maswali ya magunia, mama akatukatiza: mbona hamniulizi nabangua vipi? Akainuka, akaleta karanga kwenye beseni, akachota maji kwa kikombe akazinyunyizia maganda, akafunika na kiroba. Akasema ganda likilainika vidole haviumi, na majirani zake wote wanafanya hivyo, tena zile za kupeleka sokoni ndizo zinazobanguliwa nyingi.

Anayejua habari za sumukuvu ameshaelewa. Karanga imeanikwa ikakauka, kisha inarudishiwa maji ndani ya ganda, inafunikwa, baadaye inaingia kwenye gunia ikiwa na unyevu. Na kwenye dodoso la wasomi waliobobea swali la kubangua halikuwepo kabisa. Tuliandika kwenye daftari, jioni tukamweleza kiongozi wa timu, akampigia dokta simu. Kesho yake fomu kwenye vishikwambi ilikuwa na swali jipya, na siku zilizobaki tuliuliza kila nyumba kama wanalowesha maganda kabla ya kubangua.

Makala imetoka. Mwenzangu ameiona kwenye intaneti, hakuna aliyetuambia. Suala la kulowesha maganda lina sehemu yake nzima, na katika hitimisho limetajwa kama jambo jipya ambalo utafiti umelibaini. Waandishi ni wengi, wengine sikuwahi kuwaona hata siku moja, si Kongwa wala chuoni. Waliokaa kwenye uwanja wa yule mama hayumo hata mmoja. Shukrani zimekwenda kwa mfadhili na ofisi ya wilaya.

Kuna watakaosema kukusanya data peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwandishi. Ni kweli, na sibishi. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ambayo kanuni zake zinafuatwa na majarida mengi, imeweka masharti manne: uwe na mchango wa maana kwenye wazo au usanifu wa utafiti, au kupata, kuchambua au kufasiri data, ushiriki kuandika makala au kuihakiki kwa kina, uidhinishe toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Lakini kanuni hizo hizo zinasema aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki kuandika na kuhakiki, yaani usimfungie mlango halafu ukasema hakuingia. Na ambaye hakufikia uandishi, anatajwa kwenye shukrani na kazi aliyofanya. Hilo la shukrani ni mstari mmoja, halimpunguzii mtu cheo. Wahadhiri wanapanda madaraja kwa machapisho. Sisi mstari ule ungetusaidia kuomba nafasi ya uzamili au kazi, maana wote tuna vyeti vinavyofanana na GPA zinazokaribiana.

Nilimfuata dokta ofisini, kwa adabu zote. Akaniambia, "Kijana, mlilipwa posho, mnataka nini tena?"

Basi tuongee posho. Tuliahidiwa kwa mdomo. Kilichokuja kilikuwa pungufu, tena baada ya muhula kwisha, na kabla ya kupewa tulisainishwa fomu ambazo sehemu ya kiasi ilikuwa haijajazwa. Mwanafunzi asiyesaini anaambiwa anachelewesha wenzake. Bando la kutuma data tulinunua wenyewe. Bodaboda za kutoka kitongoji kimoja kwenda kingine, wenyewe. Pesa ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, na si wote wanaoipata. Mtu anaitoa hapo hapo kugharimia mradi wa mhadhiri wake, na huo ni mkopo ataulipa yeye akianza kazi. Sitaki kusikia neno uzalendo hapa.

Lakini hata hela si kubwa kuliko hili linalofuata.

Kabla ya kumhoji yeyote tulikuwa tunasoma fomu ya ridhaa. Ndani yake kuna sentensi kwamba matokeo yatarudishwa kijijini. Aliyeisoma kwa sauti ni mimi, mwenzangu akaitafsiri kwa Kigogo, mama akaweka dole gumba. Hakumwekea dokta, dokta hakuwepo. Alituwekea sisi. Na yule mama na jirani zake ndio wanaotakiwa kuambiwa kabla ya wote kwamba maji kwenye maganda yanawaletea sumu, kwamba kuna mashine za mkono za kubangulia karanga kavu, kwamba zilizovunda na kusinyaa zichambuliwe zitupwe, zisisagwe kuwa za mboga ya watoto. Makala iko kwa Kiingereza. Mtendaji wa kijiji amempigia mwenzangu, kwa sababu namba aliyonayo ni yake, anauliza majibu yako wapi. Ajibiwe nini?

Na msiniambie mazingira ya vyuo vyetu hayaruhusu. Kuna mama mmoja mhadhiri, kitivo kingine, anafanya utafiti wa maji ya visima na wanafunzi wa mwaka wa pili. Jioni wakitoka kijijini anakaa nao wanafungua data pamoja, anawaonyesha wapi namba hazieleweki, anawauliza kwa nini. Wakirudi chuoni wanapangiwa sehemu za kuchambua, wanazitetea mbele ya wenzao, zikiwa mbovu wanarudia. Aliposambaza rasimu, mchango wa kila mmoja ulikuwa umeandikwa. Hana fedha nyingi kuliko hawa wengine. Wanafunzi wake wanajua kuandika swali la utafiti. Sisi tunajua kubonyeza "inayofuata" kwenye kishikwambi.

Ninachodai si kikubwa. Kabla gari halijaondoka, iwepo karatasi ya ukurasa mmoja yenye saini mbili: kazi yangu ni ipi, posho ni kiasi gani na inalipwa lini, nitashiriki uchambuzi wa sehemu gani, jina langu litaonekana wapi kwa masharti gani, na nani atarudi kijijini na matokeo, lini. Mfadhili anadai mkataba, chuo kinadai mkataba, mhadhiri hawezi kwenda safari bila karatasi. Iweje mwanafunzi peke yake aende kwa maneno?

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza na wa pili, najua orodha ya mradi mwingine imeshabandikwa na wengi mmejiandikisha. Nendeni, utafiti ni kazi nzuri na vijijini kuna ya kujifunza kuliko darasani. Ila ombeni hiyo karatasi mkiwa kundi, asiende mmoja mmoja akaonekana mkorofi. Fomu yenye sehemu ya kiasi iliyo wazi msisaini. Mkigundua kitu ambacho dodoso halina, kiandikeni na tarehe, mtumieni mhadhiri kwa barua pepe, si kwa simu kama tulivyofanya sisi.

Na kama humu kuna aliye kwenye kamati ya maadili ya utafiti ya chuo chochote, au anayefanya kazi COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia: mwanafunzi akitaka kulalamika kwamba ahadi iliyo kwenye fomu ya ridhaa haikutimizwa, anaanzia wapi, na jina lake linalindwaje asije akafelishwa mitihani? Nijibuni hapa hapa wengine wasome. Mtendaji atapiga tena.