Bango la "ZEBAKI NI SUMU" halimsaidii mtu mwaloni, pale dhahabu inapooshewa!

Wakuu, hili limenifika hapa, na nyie mnaotoa mabango kwa wachimbaji mnisikie.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa dunia wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020. Mpaka leo mchimbaji mdogo anabandikiwa fuvu, maneno ZEBAKI NI SUMU, na picha ya mtu aliyevaa glavu na barakoa ya vumbi. Picha hiyo inapotosha! Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa zebaki. Na njia kuu ya sumu hii si mkono, ni pua: ukivuta mvuke, kama asilimia 80 inabaki mwilini. Zebaki yenyewe ukiimeza kwa bahati mbaya, karibu yote inatoka chooni. Sasa mbona mnakazania kushika, kuchoma mnakupita juu juu?

Kuchoma ndiko kwenye balaa. Donge la dhahabu iliyonaswa na zebaki likishawekwa motoni, mvuke unapanda bila rangi wala harufu, aliyesimama pale hana cha kumshtua. Ukipoa unanata kwenye bati, kuta, nguo, na kutoka hapo unaendelea kufuka taratibu siku nyingi. Mjamzito akiuvuta, unamfikia mtoto tumboni. USICHOMEE NDANI. Maneno mawili tu, yanashindikana nini kuandikwa?

Na ritoti mnazogawa bila maelezo, vile vyombo vya chuma vya kuchomea donge likiwa limefungiwa, mvuke unapita kwenye bomba na kupoa kuwa zebaki tena! Mdomo wa bomba ukizamishwa kwenye maji ya kupokelea zebaki, chombo kikianza kupoa kinayafyonza, yanakutana na chuma cha moto, kinalipuka. Mdomo uishie juu kidogo ya maji, bomba lizungushiwe kitambaa na kimwagiwe maji muda wote. Kisifunguliwe mpaka kipoe kabisa, maana mwenye haraka ya kuona dhahabu yake mvuke uliobaki unampiga usoni. Wanunuzi nao wanaichoma tena dukani, katikati ya mji, na hao hakuna anayewagusa.

Halafu maziwa. Watu wanakunywa wakiamini yanasafisha sumu. Iliyoingia damuni kupitia mapafu maziwa hayaitoi. Mnalijua hilo, mmenyamaza.

Zahanati nazo zielezwe: mikono kutetemeka, usingizi kupotea, fizi kuvimba, hasira za ghafla kwa mtu anayechoma dhahabu, msikimbilie kusema pombe. Apimwe zebaki kwenye mkojo. Kipimo cha nywele kinaonyesha zaidi zebaki inayotokana na kula samaki, hiyo ni habari nyingine.

Mhusika unayesoma hapa, bango lijalo futa fuvu. Chora ritoti, na mdomo wa bomba uonekane uko juu ya maji.